MAPAJA YANAPOUMA TENA WAKATI DAWA INAPUNGUZWA

Juma hili, katika sehemu yetu ya afya, tunajibu swali la watu wazima walio kati yetu, na la watoto wao wanaowatunza nyumbani.

Swali ni hili: "Nilikuwa na maumivu makali ya mabega na mapaja. Munganga akanipa prednizoloni, na kwa siku chache nikawa mzima. Sasa ameanza kuipunguza, na mapaja yanauma tena. Je, ugonjwa umerudi? Niongeze vidonge kama mwanzo? Au niviache vyote nimtegemee Mungu?"

Jibu letu fupi ni kwamba usifanye hata moja kati ya hayo mawili peke yako. Maumivu ya paja wakati wa kupunguza dawa hii yanaweza kutoka sehemu nyingi. Kila sababu ina tiba yake, na kinachosaidia sababu moja kinaweza kuharibu kwa nyingine. Ndiyo maana inafaa tufahamu paja linasema nini kabla ya kushika kidonge au kukitupa.

1. NI UGONJWA GANI HUU?

Wengi wetu huita kila maumivu ya wazee "rumatismi". Lakini huu tunaozungumzia una jina lake. Kwenye karatasi ya munganga utaona mara nyingi herufi PPR, ambazo ni kifupi cha jina lake la Kifaransa. Jina la kimataifa ni polimialgia rumatika. Jina la Kifaransa lilitolewa mwaka 1953 na waganga wawili wa Ufaransa, Forestier na Certonciny. Lile la kimataifa lilitolewa mwaka 1957 na munganga wa Uingereza, Stuart Barber.

Katika jina lile la Kifaransa kuna neno linalomaanisha "mizizi ya viungo". Hilo linaeleza ugonjwa vizuri. Mkono una mzizi wake begani, na mguu una mzizi wake nyongani. Ugonjwa huu hushika hapo: shingo, mabega, nyonga na mapaja, upande wa kulia na wa kushoto pamoja. Vidole na nyayo huachwa mara nyingi.

Unashika watu waliopita miaka 50, na hasa wenye miaka 70 na zaidi. Wanawake wanaugua kuliko wanaume, mara mbili hata mara tatu. Unaonekana zaidi kwa watu wa Ulaya ya Kaskazini. Kwa sisi Waafrika ni wa nadra zaidi, lakini upo. Kwa sababu ni wa nadra, mzee anaweza kuzunguka vituo vya afya kwa miezi akitibiwa malaria au tifoidi, huku watu wa nyumbani wakianza kunong'ona habari za kulogwa na kutiliwa sumu.

Alama yake kubwa ni asubuhi. Mtu anaamka amekauka kama ubao. Hawezi kujigeuza kitandani, hawezi kuinua mkono avae gauni au achane nywele, hawezi kuinuka kwenye kiti kifupi bila kushikwa. Hali hiyo hudumu zaidi ya dakika 45, kisha mchana inalegea kidogo. Kwenye labo, kipimo cha VS (kasi ya damu kutulia) na kipimo cha CRP hupanda, maana ndani ya mwili kuna uvimbe.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ingawa mtu anasema "misuli yangu ya paja inauma", misuli yenyewe haijaharibika. Uvimbe uko kwenye ngozi laini za ndani ya viungo vya bega na nyonga, na kwenye vifuko vidogo vya maji vinavyozunguka viungo hivyo. Maumivu yanazaliwa nyongani na kusikika pajani. Tulikumbuke hilo, litatusaidia mbele.

2. DAWA INAFANYA NINI, NA KWA NINI INAPUNGUZWA POLEPOLE?

Prednizoloni na ndugu yake prednizone ni za ukoo wa kortizoni. Mwezi wa 9 mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani, munganga Philip Hench na wenzake walimpa kortizoni mwanamke aliyekuwa na ugonjwa mwingine mkali wa viungo. Alikuwa ameshindwa kutembea. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein walipewa tuzo ya Nobel. Lakini waganga hao hao waliona upesi mambo mawili mengine: ukiondoa dawa ghafla maumivu yanarudi, na ukiitumia nyingi kwa muda mrefu inaleta madhara yake.

Hali ni hiyo hiyo hata leo. Kwa mgonjwa wa PPR, waganga huanza kwa kawaida na miligramu 12,5 hadi 25 kwa siku. Wengi wanapata nafuu kubwa kwa siku chache tu. Hapo ndipo mtego ulipo, maana mtu anajisikia amepona kabisa. Lakini dawa hii ni kama maji yanayomwagwa juu ya makaa: moto unatulia, makaa yenyewe bado yana joto chini. Ugonjwa huu huchukua mwaka mmoja, miwili, na kwa wengine zaidi, mpaka uishe wenyewe.

Utaratibu unaofuatwa na wengi ni huu. Kwa majuma 4 hadi 8 dozi inashushwa mpaka miligramu 10. Kuanzia hapo inashuka miligramu 1 tu kila majuma 4. Fanyeni hesabu pamoja nasi: kutoka 10 kufika sifuri ni hatua 10, na kila hatua ni majuma 4, jumla majuma 40. Hiyo ni zaidi ya miezi 9, tena kama hakuna kikwazo njiani. Na vikwazo ni vya kawaida. Wagonjwa wengi huona maumivu yakirudi angalau mara moja.

Katika farmasi zetu kidonge kinachopatikana kwa urahisi ni cha miligramu 5, na kile cha miligramu 1 ni vigumu kukiona. Basi munganga anaweza kutumia njia nyingine: leo vidonge viwili (10), kesho kimoja na nusu (7,5), kesho kutwa viwili tena. Ukipiga hesabu, kila siku umepata kama 8,75. Akikuandikia hivyo usifikiri amekosea. Andika kwenye kalenda ya ukutani ili mtu wa nyumbani asichanganye siku.

Kwa nini polepole hivyo? Juu ya kila figo Mungu ameweka tezi ndogo. Tezi hizo mbili hutengeneza kortizoni ya mwili wenyewe, na bila hiyo mtu hawezi kuishi. Inashikilia presha na sukari ya damu, na inampa mwili nguvu ya kusimama mbele ya homa, jeraha na upasuaji. Ukimeza vidonge kwa majuma mengi, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, nazo zinalala. Ukiacha vidonge kwa siku moja, tezi haziamki siku hiyo hiyo. Zinahitaji majuma, mara nyingine miezi. Katikati hapo mtu anabaki bila kortizoni ya dawa na bila kortizoni ya mwili, na anaweza kuanguka na kufa.

3. PAJA LINAUMA TENA: SABABU NI IPI?

Kabla ya kwenda kwa munganga, jiulize maswali manne na uandike majibu kwenye daftari. Je, maumivu ni ya asubuhi au ya baada ya kazi? Je, ni mapaja yote mawili au moja tu? Je, ni maumivu au ni kukosa nguvu? Na dozi ilipunguzwa siku gani? Majibu hayo yanamsaidia munganga kuliko kusema tu "naumwa mwili wote".

Sababu ya kwanza: ugonjwa wenyewe umeamka. Hapo mapaja yote mawili yanauma, mara nyingi na mabega pia. Asubuhi ni mbaya, mwili umekauka kwa zaidi ya dakika 45, na ifikapo saa sita za mchana kuna nafuu. Mara nyingi inatokea baada ya dozi kushuka, hasa ikiwa imeshuka haraka. VS na CRP zinaweza kupanda tena. Ikiwa ndivyo, munganga anarudisha dozi kwenye kiwango cha mwisho ulichokuwa mzima nacho. Hakurudishi mpaka mwanzo wa safari. Kisha anashuka tena kwa hatua ndogo zaidi. Ikiwa ugonjwa unarudi mara nyingi, anaweza kuongeza dawa nyingine, kama vile metotreksati, ili steroidi ipate kupungua.

Sababu ya pili: tezi bado zimelala, au mwili unalilia dawa. Mara nyingi inaonekana dozi inapofika karibu na miligramu 5 na kushuka chini yake. Mtu anaumwa mapaja na mwili wote, lakini pia ana uchovu usioisha na usingizi, hana hamu ya chakula, kichefuchefu kinamsumbua, na akisimama anasikia kizunguzungu. VS na CRP zinabaki nzuri. Kuna wanaosikia maumivu kidogo siku chache baada ya kila hatua, halafu yanaisha yenyewe. Hao wanahitaji kuvumilia kidogo. Lakini mwenye uchovu mkubwa na kizunguzungu lazima amwambie munganga. Anaweza kusimama kwenye hatua ile ile kwa majuma mengi, au kupimwa kortizoni ya asubuhi katika labo kubwa.

Sababu ya tatu: dawa imedhoofisha misuli. Hapa tukumbuke tulichosema: PPR yenyewe haiharibu misuli. Lakini steroidi nyingi kwa muda mrefu inaweza kuikula misuli, na ya mapaja ndiyo hutangulia. Alama yake ni udhaifu kuliko maumivu. Mama anapiga magoti katika maombi, halafu hawezi kusimama bila kushika benchi. Baba anapanda kilima cha Bukavu ambacho amekipanda maisha yake yote, na leo miguu inakataa ingawa haiumi sana. Mapaja yanakonda huku uso unajaa na kuwa wa duara. Tazama hatari iliyopo: mtu huyu akidhani ni ugonjwa umerudi na kujiongezea vidonge, anaongeza kile kile kinachomdhoofisha. Tiba yake ni dozi kuendelea kushuka kwa usimamizi, chakula chenye kujenga mwili, na mazoezi. Nguvu inarudi, lakini inachukua majuma hata miezi.

Sababu ya nne ni nyepesi, nayo tunaisikia sana. Mtu alikaa miezi bila kazi kwa sababu ya maumivu. Dawa ikamnyanyua, na juma lile lile akashika jembe siku nzima au akabeba bidoni la lita 20 kutoka mtoni. Kesho yake mapaja yanauma. Huyo ana uchovu wa misuli iliyosahau kazi. Maumivu haya yanakuja siku moja au mbili baada ya kazi na yanaisha kwa siku chache. Anahitaji kupumzika na kurudi kazini kidogo kidogo.

Sababu ya tano ni mambo mengine ambayo hayatokani na PPR, lakini yanajificha nyuma yake. Tuyataje moja moja.

– Maumivu ya upande mmoja, kwenye kinena na paja, yanayozidi ukikanyaga. Steroidi inaweza kukata damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa ukafa hapo. Inaweza pia kufanya mifupa iwe dhaifu na kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Picha ya eksirei inahitajika, ingawa mwanzoni eksirei inaweza kuonekana nzuri. Kama maumivu yanaendelea, rudi.

– Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na kuuma. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

– Paja gumu lenye joto, pamoja na homa. Katika nchi zetu za joto, usaha unaweza kujikusanya ndani ya msuli wa paja. Steroidi inaficha homa, hivyo mtu anaweza kuwa na usaha na joto la mwili likawa dogo tu.

– Maumivu yanayotoka mgongoni na kushuka mguuni, au mgongo unaouma hata usiku. Uti wa mgongo uangaliwe, na kifua kikuu cha mifupa kisisahaulike.

– Mkazo wa misuli na udhaifu kwa mtu anayekunywa dawa ya kukojoa kwa ajili ya presha, kama furosemide. Potasi ya damu inaweza kuwa imeshuka. Dawa za kupunguza mafuta ya damu, zile za ukoo wa statini, nazo huumiza mapaja. Mpelekee munganga dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja azione.

4. YASIYOFAA KUFANYWA

Usiache dawa ghafla. Hata ikiwa umejisikia mzima, hata ikiwa pesa zimeisha. Kama umebakiza vidonge vya siku tatu na huna franga, sema leo: kwa familia, kwa mashemasi, kwa kituo cha afya. Prednizoloni si dawa ya bei kubwa, na kanisa linaweza kusaidia. Jambo la kusikitisha ni mtu kunyamaza kwa aibu mpaka kidonge cha mwisho.

Usibadilishe prednizoloni kwa dekza (deksametazoni) kwa sababu muuzaji amesema "ni kitu kimoja". Ni za ukoo mmoja, lakini nguvu zake ni tofauti sana: dekza miligramu 0,75 tu inafanya kazi kama prednizoloni miligramu 5. Na dekza ndiyo inayodhoofisha misuli ya mapaja zaidi. Hapa tunawaambia pia dada zetu wanaomeza dekza ya sokoni ili wanenepe: tezi zenu zinalala vile vile kama za mgonjwa, bila ninyi kujua. Aliyeimeza kwa majuma mengi asiitupe leo. Amwone munganga ampunguzie.

Usiongeze diklofenaki au ibuprofeni za barabarani juu ya prednizoloni. Zikikutana zinachoma tumbo mpaka kutoa damu. Kwa maumivu madogo, muulize munganga juu ya parasetamoli.

Usijipandishie dozi. Kila ukipandisha bila sababu, safari inakuwa ndefu, na sukari, presha, macho na mifupa vinalipa gharama.

5. YANAYOFAA KUFANYWA

Meza dawa asubuhi, pamoja na chakula, kadiri munganga alivyoandika.

Shika daftari. Kila asubuhi andika mambo matatu: dozi, dakika ngapi umekauka, na kama umeinuka kitini bila kushika kitu. Baada ya majuma mawili daftari hilo litaonyesha wazi hali inakwenda wapi.

Fanya mazoezi ya kiti. Kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, simama polepole bila kusukuma kwa mikono, kaa tena. Anza na mara tano, asubuhi na jioni, na uongeze taratibu. Ikiwa huwezi bila mikono, tumia mikono kwanza. Tembea kila siku kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea. Zoezi linaloacha maumivu makali kesho yake lilikuwa kubwa mno, lipunguze.

Kula vinavyojenga misuli na mifupa: maharagwe, mayai, karanga, maziwa, lengalenga, na sambaza wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Punguza chumvi na sukari, maana dawa hii inapandisha presha na sukari ya damu. Pimwa vyote viwili kila unapokwenda kliniki, na uulize juu ya kalsiamu na vitamini D.

Mwambie munganga kama umewahi kuugua kifua kikuu au unaishi na anayekohoa. Mwulize pia juu ya minyoo. Kuna mnyoo mmoja, strongiloide, unaoingia kwa ngozi ya miguu peku kwenye udongo wenye uchafu. Unaweza kukaa tumboni miaka mingi bila kelele. Mtu akipewa steroidi unasambaa mwilini na unaweza kuua. Ivermektini inautibu, na ni heri kuumaliza mapema.

Uwe na karatasi ndogo mfukoni iliyoandikwa jina la dawa, dozi yako, na tangu lini unaimeza. Ukipata malaria kali, ajali, au ukihitaji upasuaji, mwonyeshe karatasi hiyo kila anayekupokea. Mwili ukiwa mgonjwa unahitaji kortizoni zaidi, na wanganga huongeza dozi kwa siku hizo chache.

6. ALAMA ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Msingoje ibada iishe, msingoje kesho, mkiona haya:

– Kutapika au kuhara mpaka kidonge hakikai tumboni. Mgonjwa huyu anahitaji sindano ya hidrokortizoni na maji ya mshipa.

– Kuzimia, udhaifu mkubwa wa ghafla, kuchanganyikiwa, presha kushuka.

– Kichwa kuuma upya, hasa pembeni juu ya masikio, ngozi ya kichwa kuuma ukiigusa, taya kuchoka wakati wa kutafuna, au macho kuona giza au kuona vitu viwili viwili. Mishipa ya damu ya kichwani inaweza kuvimba kwa mgonjwa wa PPR, na upofu unaokuja hapo haurudi nyuma. Ni saa chache zinazoamua.

– Homa, au mavi meusi kama lami.

7. MAOMBI, KUFUNGA NA KIDONGE

Tunaandikia watu wa maombi, basi tuseme wazi. Sisi tunaamini Mungu anaponya. Tunajua pia kwamba kati yetu kuna waliotoka mkutanoni na furaha, wakatupa vidonge vyao usiku ule, na baada ya siku chache wakaletwa hospitali wakiwa hoi. Kwa dawa nyingine kosa hilo lingevumilika kidogo. Kwa hii, halivumiliki.

Tuangalie jinsi Bwana alivyofanya na wenye ukoma. Aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kuchunguza na kutangaza kwamba mtu ametakasika. Kupimwa hakukupunguza muujiza. Kuliuthibitisha mbele ya watu wote. Na Luka, aliyesafiri na Paulo, anaitwa munganga mpendwa katika barua kwa Wakolosai. Hakuna aliyemwambia aache kazi yake ili awe mwamini.

Basi, anayesema "nimepona" aende labo. Ikiwa VS na CRP ni nzuri na mwili hauna maumivu, munganga atafurahi pamoja naye na kuendelea kushusha dozi. Hata aliyepona kabisa bado anahitaji kushuka ngazi moja moja, kwa ajili ya zile tezi zilizolala. Polepole hiyo si kukosa imani. Kidonge cha mwisho, siku kitakapomezwa kwa ruhusa ya munganga, kitakuwa ushuhuda mzuri wa kusimama nao mbele ya kanisa.

Juu ya kufunga: anayemeza prednizoloni asikose dozi yake, wala asifunge siku nzima bila chakula na maji kabla ya kuongea na munganga. Mwili ambao tezi zake zimelala hauna akiba. Sukari na presha vinaweza kuanguka. Wachungaji, tunawaomba mtangaze hili kila mnapoita siku za kufunga, ili mzee asione haya kubaki nyuma. Anaweza kujitoa kwa njia nyingine: kuamka mapema kuombea wengine, kuacha soda na nyama, kunyamaza saa fulani. Nanyi viongozi wa ibada, mwacheni mzee mwenye mapaja mabovu aombe akiwa ameketi.

Na watoto wa nyumbani, muwe na subira. Mtu huyu jana alitembea, leo hawezi, kesho atatembea tena. Hafanyi kwa kusudi. Msaidieni kuhesabu vidonge, kuandika daftari, na kwenda naye siku ya kliniki, maana masikio mawili yanasikia vizuri kuliko moja.

Mwenda pole hajikwai. Ngazi ya dawa hii inashukwa hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mkono mmoja ukishika ukuta. Paja likiuma njiani, simama, jiulize yale maswali manne, mpigie munganga simu, na uendelee kumeza dozi ya leo mpaka akuambie neno.

Somo hili litarudiwa hewani katika kipindi cha afya. Ambaye hawezi kusoma, asomewe na jirani yake. Mungu awabariki, na awape wazee wetu miguu yenye nguvu.